Mkanda wa Watu Wazima

Mimi sipendi kuitwa asubuhi. Mtu aliyestaafu akiitwa ofisini asubuhi, ama kuna mwenzake aliyefariki, ama kuna karatasi imepotea. Siku hiyo daktari alinipigia saa mbili kasoro, akasema, "Mama, njoo unisaidie kusoma mwandiko wako." Nikamwambia mwandiko wangu unasomeka hata na kuku, wenye taabu ni nyinyi mliozoea kusoma kwenye vioo vya kompyuta. Akacheka, ila alicheka kidogo kuliko kawaida yake. Nikavaa viatu nikatoka.

Daktari huyu nilimfundisha mimi kushika sindano, enzi hizo akiwa mwanafunzi mwembamba anayezimia akiona damu. Sasa ndiye mkuu wa utafiti ambao mimi nilikuwa mpimaji wake wa kwanza. Ukielezwa utaona ni jambo jepesi tu. Miaka thelathini na miwili iliyopita tulipima watoto mia nne na kumi na wawili, wa miaka saba hadi tisa, katika shule nne. Tulipima uzito, urefu, kiuno na presha, tukawauliza mama zao mtoto alizaliwa na kilo ngapi na jikoni kwao chumvi hutiwa kwa kijiko au kwa kiganja. Mkuu wetu wa wakati ule, Mungu amrehemu, alikuwa na wazo moja lililowachekesha wenzake: kwamba moyo unaomwangusha mtu akiwa na miaka arobaini ulianza kuchoka siku nyingi, mtu huyo akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Basi tukapima, tukaandika, tukafungia vitabu kabatini, tukangoja watoto wakue. Wamekua. Daktari amekuwa akiwaita mmoja mmoja, anawapiga picha ya moyo, kisha analinganisha na vitabu vyetu.

Wakati wa kupima waliniita Mama Zebaki, kwa sababu ya ile mashine ya zamani yenye bomba la zebaki niliyokataa kuachana nayo. Mkono wangu ulikuwa haukosei. Hilo nilikuwa nalisema mwenyewe, tena kwa sauti, na hakuna aliyewahi kunibishia.

Nilimkuta daktari kasimama. Juu ya meza vitabu vyangu vinne vilikuwa wazi, karatasi zimegeuka rangi ya chai, na pembeni kompyuta inaonyesha vidoti na mstari.

"Kaa, Mama. Tazama hapa. Shule hizi tatu, mtoto aliyekuwa na presha ya juu ndiye leo mtu mzima mwenye moyo ulionenepa kuta. Mstari unapanda vizuri kabisa. Halafu inakuja shule ya matofali mekundu. Watoto sitini na tatu, wote presha nzuri. Nzuri mno. Na leo hii ndio wenye mioyo mibaya kuliko wote. Nikiwachanganya na wenzao, mstari unalala."

"Ukilala ndiyo nini?"

"Ndiyo kwamba utoto hauhusiki. Saa nane mchana nina kikao na watu wa wizara. Wakisikia utoto hauhusiki, upimaji wa watoto mashuleni unafungwa mwaka huu huu. Wanatafuta sababu tu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nimerudia hesabu mara sita. Labda nimekosea mimi. Nihakikishie tu kwamba vipimo vilikuwa sawa, nikatafute kosa kwingine."

Akanisogezea karatasi. Ilikuwa na mistari minne: kwamba mimi, muuguzi mstaafu, ninathibitisha vipimo vyote vya presha vilichukuliwa kwa vifaa vinavyofaa umri wa watoto. Chini yake, nafasi ya sahihi.

Nikakivuta kitabu cha shule ya matofali. Wino wa bluu, mwandiko wangu, namba zimesimama kama askari. Upande wa kulia kulikuwa na safu iliyochapwa kiwandani: Mkanda, na chini yake Mdogo, Mkubwa. Na chini ya Mdogo, tiki zangu, moja juu ya nyingine, sitini na tatu.

Acha niseme sasa, maana hapo ofisini sikusema. Presha hupimwa kwa mkanda unaofungwa mkononi na kujazwa upepo. Mtoto ana mkanda wake na mtu mzima ana wake. Mkanda mkubwa kwenye mkono mdogo hudanganya, tena hudanganya kwa upole: hushusha namba. Mtoto mwenye presha ya kutisha anaonekana mzima, na wewe unamwambia mama yake aende zake kwa amani. Siku ya pili katika shule ya matofali, mpira wa ndani wa mkanda wetu wa watoto ulipasuka. Mtunza stoo akaniambia ningoje muhula ujao. Mkuu wetu akasema shule isipopimwa wiki ile itafutwa kwenye orodha. Mimi, mwenye mkono usiokosea, nikachukua mkanda wa watu wazima, nikauzungusha kwenye vile vikono mara mbili, nikapima. Nilijua. Nisije nikajifanya kwamba sikujua. Nilijiambia tofauti ni ndogo, kisha jioni nikakaa na kitabu mezani kwangu. Ukurasa wenye tiki kwenye Mkubwa ungetupwa, kazi ya wiki nzima ingekwenda na maji, na jina langu nalo. Nikatia tiki kwenye Mdogo. Hata vipimo vitatu vya siku ya kwanza, vilivyochukuliwa sawasawa kabla mpira haujapasuka, vikazama humo humo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa na urefu wa miaka thelathini na miwili.

"Na Chuma mpaka leo hajaja," daktari akasema. "Barua tatu nimempelekea, Mama. Wewe huwezi kumsukuma?"

Kidole changu kilikuwa kwenye namba arobaini na saba. Chuma ni mwanangu. Alisoma shule ya matofali. Alisimama kwenye foleni na wenzake akiwa na miaka minane, anacheka, nikampima mimi mwenyewe: tisini na nane kwa hamsini na sita. Tangu hapo hakuna aliyempima tena. Akiambiwa aende kliniki anajibu, "Mimi nilipimwa na mama yangu mzazi, sina neno." Na mimi, badala ya kumburuta, nilikuwa nacheka na wanaocheka. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi hata sikuchelea kilio chake, nilichelea aibu yangu.

"Nitasaini," nikamwambia daktari. "Ila miwani nimeisahau nyumbani. Naondoka nayo hii karatasi, saa sita nakurudishia."

Miwani ilikuwa kichwani. Daktari akaitazama, akanitazama.

"Na hii mashine ya presha hapa mezani naiazima."

"Ya nini?"

"Jirani yangu anaumwa."

Uongo ni kama kuku, ukifuga mmoja kesho unao kumi.

*

Chuma ni fundi wa lifti. Wiki ile alikuwa anatengeneza lifti za jengo moja refu la maofisi, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kwa daktari. Nikampigia simu njiani. Haikupokelewa. Nikapiga tena mbele ya duka la viatu, nikapiga tena kwenye taa za barabarani. Jua lilikuwa limeshapanda, watu wananipita, na mimi natembea na mashine kwapani kama mwizi wa redio.

Nikwambie nilichokuwa nawaza, japo kinanitia haya. Nilikuwa nafanya biashara na Mungu. Nikimkuta mwanangu na presha nzuri, basi mkanda haukudanganya kwa kiasi hicho, na mimi nitasaini. Nikimkuta vibaya, tutaona. Watoto wa watu sitini na wawili nilikuwa nimewaweka pembeni kwanza, nashughulika na wangu. Ndivyo nilivyokuwa nawaza, mtu mzima mwenye wajukuu.

Mlinzi wa mlangoni akaniambia, "Fundi yuko juu kabisa, Mama, chumba cha mota. Lifti zote mbili kazizima. Labda umsubiri hapa."

"Nitapanda."

"Ni gorofa tisa, Mama yangu."

"Kwani nimekuuliza ngapi?"

Nikapanda. Hadi gorofa ya nne nilikuwa nasikia nyundo ikigonga chuma huko juu, ko, ko, ko, na kila ikigonga najua yuko mzima. Gorofa ya sita nyundo ikanyamaza. Nikasimama na mkono kwenye ukuta, nasikiliza. Kimya. Nikaita jina lake la utotoni, ambalo halijui mtu isipokuwa mimi na marehemu baba yake, sauti ikazunguka kwenye ngazi ikanirudia. Sijui nilizimalizaje zile gorofa tatu.

Nilimkuta amekaa juu ya sanduku lake la vifaa, mgongo ukutani, kiganja kimefunika jicho moja. Jicho la pili lilikuwa linatazama taa.

"Wewe! Una nini?"

Akashusha mkono haraka. "Shikamoo Mama Zebaki! Umeajiriwa kukagua lifti siku hizi?"

"Simu hupokei. Una nini jichoni?"

"Hamna kitu. Hii taa ina maduara tu. Na kichwa kinagonga kidogo, tangu Jumapili. Vumbi la huku."

"Toa mkono."

"Mama, si ulishanipima?" Akacheka, lakini akatoa mkono. Huo mkono sasa ni mnene kama mguu wa meza. Nikamfunga mkanda, mkubwa kwa mkubwa mwenzake, nikajaza upepo, nikasikiliza. Nilisubiri sauti ianze chini, pale nilipopazoea. Ikaanza juu, juu sana, ikiwa mimi bado sijajiandaa.

Mia mbili na nane kwa mia moja ishirini na nne.

Kanuni ya uuguzi inasema upime mara tatu na usubiri dakika moja katikati. Nikasubiri. Mia mbili na kumi kwa mia moja ishirini na sita. Nikasubiri tena, naye anapiga mluzi. Mia mbili na sita. Nikamfungua mkanda.

"Teremka twende hospitali," nikasema. "Sasa hivi."

"Ngapi?"

Nikamwambia. Akaguna. "Mashine hiyo mbovu."

"Siyo mbovu."

"Basi ni kupanda na kushuka. Mama, kuna mjamzito gorofa ya saba ananingoja, tangu asubuhi hawezi kushuka. Nina kazi ya dakika ishirini tu. Nasimama juu ya lifti, nakaza kamba mbili, namaliza. Kisha tutakwenda unakotaka, hata peponi."

Akasimama, akashika ukuta kidogo, akajifanya anatafuta kitu. Kisha akachukua mkanda wa usalama na kuanza kujifunga kiunoni. Nyuma yake mlango wa shimo la lifti ulikuwa wazi, na shimo lenyewe jeusi, lina upepo wa baridi unaotoka chini. Gorofa tisa.

"Usiingie humo."

"Mama, mtu haharibiki ghafla hivyo. Mimi nilikuwa tisini na nane kwa hamsini na sita. Naikumbuka mpaka kesho. Wenzangu walikuwa wanaandika majina ya timu, mimi niliandika namba zangu kwenye jalada la daftari. Mtu mwenye msingi kama huo?" Akabana kifungo. "Wewe mwenyewe si ndiye husema samaki mkunje angali mbichi? Mimi nilikunjwa vizuri."

Nilimwona anainua mguu. Nikajua hakuna neno lingine litakalomzuia, si machozi, si amri, maana yeye hakuwa ananibishia mimi wa leo. Alikuwa ananiamini mimi wa zamani.

"Ile namba si ya kweli," nikasema.

Mguu ukabaki hewani.

"Nilikupima kwa mkanda wa watu wazima. Wa watoto ulikuwa umepasuka. Nikaandika kwamba nimetumia mdogo. Wewe na wenzako wote. Sijui presha yako ilikuwa ngapi, mwanangu. Hakuna anayejua. Labda ulikuwa mgonjwa tangu siku ile."

Akaurudisha mguu chini, taratibu, mahali pale pale ulipotoka. Hakugeuka.

"Baba alijua?"

"Hapana."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Wewe ndiye wa kwanza."

Nilitaka anifokee. Chuma ni mtu wa makelele, akikasirika jengo zima linajua. Lakini alifungua tu kile kifungo cha kiunoni, akavua glavu, kidole kimoja kimoja, akaziweka ndani ya sanduku na kulifunga.

"Twende," akasema.

Tukashuka gorofa tisa. Yeye mbele, mimi nyuma. Gorofa ya nne akasimama, akainama juu ya ndoo ya mfagizi, akatapika. Nikamnyooshea mkono. Hakuushika, akashika reli ya ngazi.

*

Teksi ilitufikisha hospitali saa tano na robo. Wakamlaza, wakamtundikia dawa ya kushusha presha taratibu, maana ikishushwa kwa pupa nayo huua. Walimpiga picha ya moyo nikiwa nimesimama miguuni pake. Mpigaji alikuwa kijana asiyenijua, akawa anamweleza mgonjwa bila kuficha: kuta za moyo zimenenepa, moyo umesukuma kama pampu ya kupandisha maji mlimani kwa miaka mingi. Akamuuliza, "Hujawahi kupimwa?"

Chuma akanitazama kwa mara ya kwanza tangu kule juu. "Niliwahi," akasema. "Mara moja."

Saa nane kasoro dakika tano nilikuwa mlangoni kwa chumba cha kikao. Daktari alikuwa anapanga karatasi zake, wageni watano wamekaa, maji ya chupa mbele yao. Nikampa ile karatasi. Akaona haina sahihi.

"Mama?"

"Nipe nafasi niseme kabla hujaanza."

Nimesimama mbele ya watu mara nyingi maishani, nimefundisha, nimekemea, nimezika. Sijawahi kusimama kujishtaki mwenyewe. Nilisema yote, kuanzia mpira uliopasuka hadi tiki ya mwisho, na nilisema namba arobaini na saba ni mwanangu na sasa hivi yuko wodini. Nilipomaliza, bwana mmoja mwenye tai akamuuliza daktari, si mimi, "Kwa hiyo takwimu zenu zote ndio hazifai?"

Daktari alikuwa amekaa. Akanyanyuka. "Za shule tatu zinafaa, na zinasema kitu kimoja: ugonjwa huu unaanza utotoni na unaonekana utotoni ukiutafuta kwa kifaa kinachofaa. Hilo ndilo nitakalowaeleza leo. Hawa sitini na tatu nawaondoa kwenye hesabu. Si takwimu tena, ni wagonjwa. Nitawaita wote, na watoto wao."

"Sitini na tatu wote?"

"Sitini na mmoja," daktari akasema. Akanigeukia mimi. "Wawili hawakuja kupimwa kwa sababu hawapo. Mmoja alianguka akiwa na thelathini na nne, mwingine thelathini na saba. Nilipoandika vifo vyao, niliona presha zao za utotoni ni nzuri. Nikadhani ni bahati mbaya."

Upimaji mashuleni haukufungwa. Nalisema kwa sababu ni kweli, si kwa kujipoza. Kikao kilipokwisha daktari alinifuata kwenye korido, na pale ndipo alipokasirika, sauti chini, macho mekundu. "Ungeniambia saa tatu asubuhi, Mama. Miwani ilikuwa kichwani. Niliiona. Nilikuheshimu, nikanyamaza, na mwanao alikuwa juu ya lile jengo." Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeyaficha ya watu wengine.

*

Wiki mbili baadaye wale wa shule ya matofali wakaitwa. Korido ya kliniki ilijaa kuanzia saa moja: watu wa miaka arobaini wenye vitambi na funguo za magari, wengine na nguo za kazi, na watoto wao wakikimbizana kati ya mabenchi. Niliwatambua baadhi kwa masikio yao. Niliomba kusaidia, hata kuandika majina tu. Daktari akasema hapana, kwa adabu kabisa, akanionyesha benchi.

Chuma alikuwa ametoka wodini. Anameza vidonge vitatu kwa siku, na atavimeza maisha yake yote. Alikuja na binti yake wa miaka minane. Akaniamkia: "Shikamoo, Mama." Kikamilifu, na kichwa kimeinama. Heshima ya mwanao ikizidi kipimo ujue mmegombana. Huyu alikuwa hanisalimii bila mzaha tangu apate akili. Nikaitikia marahaba. Mjukuu akataka kunikalia mapajani, baba yake akamshika mkono akasema foleni iko huku, wakaenda kusimama karibu na mlango.

Pembeni yangu alikuja kukaa mama mmoja wa rika langu, na mvulana mdogo mwenye soksi ndefu. Alinitazama, akatazama pengine, akanitazama tena.

"Samahani, dada. Wewe si yule nesi wa shule ya matofali?"

"Ndiye."

"Nilijua tu!" Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ulimpima mwanangu. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani, nina wasiwasi, maana kwetu presha ni ya ukoo, baba yake alikufa nayo. Ukatoka ukaniambia, 'Mama, nenda nyumbani, mtoto hana neno.' Sijasahau. Nililala usingizi siku ile." Akamvuta yule mvulana karibu. "Alikufa, unajua. Thelathini na nne, anacheza mpira na wenzake. Huyu ndiye aliyetuachia. Basi wameniita nimlete, nikasema heri, labda na wewe utakuwepo umpime."

Ningeweza kunyamaza. Daktari angemweleza ndani, kwa maneno mazuri ya kidaktari, na mimi ningekuwa nimeshaondoka. Ninajua hivyo kwa sababu nilitazama mlango wa kutokea.

Nikamwambia. Sikumwambia kwa maneno mengi. Nilimwambia mkanda haukuwa wa watoto, kwamba nilijua, kwamba nilipotoka kumwambia hana neno sikuwa najua kama hana neno. Mikono yake ilikuwa bado imeshika mkono wangu. Niliisikia ikilegea, kidogo kidogo, hadi ukabaki mkono wangu peke yake juu ya benchi.

Hakulia. Alimweka sawa mvulana soksi moja iliyoteremka, akachukua muda mrefu juu ya ile soksi.

"Na wewe ulikuwa na mtoto pale," akasema. "Nakumbuka. Mtundu mtundu."

"Nilikuwa naye."

"Ulimpima vipi?"

"Hivyo hivyo."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Yule pale mlangoni, mwenye mtoto wa kike."

Akamtazama mwanangu kuanzia kichwani hadi viatuni, kwa utulivu, kama mama anavyomkagua mwanawe anaporudi safarini. Chuma alihisi anatazamwa, akageuka, akamwinamia kichwa kwa heshima bila kujua ni nani.

"Nenda ukasimame naye," yule mama akaniambia.

Nikanyanyuka nikaenda.